Kitenzi cha Kwenda Hufundishwa kwa Miguu

Vijana wa idara ya lugha mmeniomba niandike mambo mawili matatu ya kazi kabla sijayasahau. Nashukuru kwa kudhani bado nayakumbuka. Habari za vyeo nitaziacha, kwa kuwa kila nilipopandishwa niliongezewa mikutano tu. Nitaandika juu ya kitu kimoja nilichokifundisha kuliko kingine chochote, nacho ni kugeuza vitenzi vya Kifaransa katika wakati ujao wa karibu.

Kwa asiyejua, jambo lenyewe si kubwa. Mfaransa akitaka kusema atakula sasa hivi, husema anaenda kula: je vais manger. Huchukua kitenzi cha kwenda, akakigeuza kulingana na mtu, halafu akaweka kitenzi cha pili kama kilivyo kwenye kamusi. Mkenya yeyote anayesema "naenda kulala" ameshamaliza nusu ya somo. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonilisha mpaka nikastaafu.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Woodley. Baba yangu alikuwa karani katika duka la vyombo mjini, mtu wa Mombasa aliyekuja Nairobi kutafuta maisha na akayapata kwa kiasi chake. Chuo kikuu nilisomea Kifaransa kwa sababu nafasi za sheria zilikuwa zimejaa. Watu huniuliza kama niliipenda lugha hiyo tangu utotoni, na naona kabisa wanataka niseme ndiyo.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katika shule ya sekondari upande wa Kabiria, kidato cha pili, baada ya chakula cha mchana. Kitabu cha darasa kilikuwa na picha za theluji na jibini. Nilivaa viatu vya kisigino ambavyo sikuvivaa tena shuleni. Niliandika kichwa cha somo ubaoni, nikapiga mstari chini yake kwa rula, kisha nikashusha safu: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Mimi naenda, wewe unaenda, na kuendelea mpaka wao. Wanafunzi walinakili kimya, nami nikadhani kimya kile ni heshima. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono.

"Madame, sasa hii Kifaransa tutaongea na nani huku Kabiria?"

Nilimwambia afungue ukurasa unaofuata.

Kumbe dirishani alikuwa amesimama mwalimu mwenzangu wa Kifaransa, Bwana Shiundu. Alikuwa mtu wa Magharibi mwa Kenya, mrefu, aliyekwenda Kongo ujanani kufanya useremala kwenye misheni, akarudi na Kifaransa pamoja na kovu la msumeno kidoleni, kisha akasomea ualimu. Alinisubiri mpaka nikakaa kwenye chumba cha walimu na kuvua viatu chini ya meza.

"Dada Zainabu," akasema, "watoto umewakalisha kama magunia ya mahindi."

"Ni sarufi, Mwalimu. Sarufi ingesimamaje?"

"Hicho ni kitenzi cha kwenda. Utakifundishaje kwa watu waliokaa?"

Kesho yake akanialika darasani kwake, na mambo niliyoyaona huko ndiyo niliyoyafanya miaka yangu yote iliyofuata. Mwanafunzi mmoja huchaguliwa. Kabla ya kufanya kitu chochote, sharti akitaje. Je vais me lever, naenda kusimama, ndipo asimame. Je vais marcher, naenda kutembea, ndipo atembee. Je vais ouvrir la porte, naenda kufungua mlango, akaufungua. Je vais sortir, naenda kutoka. Akatoka kwelikweli, na mlango ukafungwa nyuma yake. Muda huo wote darasa zima linamtangaza, anaenda kusimama, anaenda kutembea, na kwa njia hiyo wote wanapata zoezi la "yeye" bila kujua. Mwisho wanapaza sauti pamoja: elle va revenir, anaenda kurudi. Hapo tu ndipo aliyeko nje huingia.

Sheria ya Shiundu ilikuwa moja: hakuna kurudi mpaka uitwe. Aliyerudi bila kuitwa alianza upya kutoka kwenye kiti. Wale walioko ndani nao walijua kwamba wasiposema vizuri, mwenzao atakaa nje mpaka kengele. Mwalimu mkuu hakuupenda utaratibu huo. Kila alipopita kwenye korido alimkuta mtoto amesimama mlangoni, akidhani amefukuzwa. Siku moja alimchukua mmoja kwenda kufagia ofisi, nasi tukamwita yule mtoto kwa Kifaransa sanifu mpaka kipindi kikaisha.

Shiundu hakuwa na maneno mengi ya kitaalamu. Wanafunzi wote hukosea mahali pamoja: husema je vais je mange, au je vais mange, yaani wanataka kugeuza na kitenzi cha pili, kama vile cha kwanza hakijafanya kazi ya kutosha. Yeye aliwaambia hii ni harusi. Kitenzi cha kwenda ni shangazi, ndiye anayehangaika, anabadilisha nguo kila saa. Kitenzi cha pili ni bibi harusi, anakaa alivyo. Na ukitaka kukanusha, yale maneno mawili ya kukanusha, ne na pas, yanamshika shangazi huku na huku. Bibi harusi haguswi. Nimesoma vitabu vingi vya mbinu za kufundisha tangu wakati huo, na sijaona kilichomshinda yule shangazi.

Vifaa vyetu vilikuwa maboksi ya mafuta ya kupikia, yaliyokatwa vipande virefu na kuandikwa vitenzi kwa kalamu nene. Tulikuwa na redio ya kaseti iliyokula betri. Betri zikiisha tunazianika juani juu ya ukuta, na sauti ya Mfaransa inarudi kwa dakika chache ikiwa na mafua. Jedwali la kitenzi cha kwenda nililichora nyuma ya kalenda kubwa kutoka dukani kwa baba. Siku hizi mna projekta na simu inayotafsiri kila kitu. Itumieni. Simu ni mwanafunzi mzuri sana, ila hainyanyuki kitini.

Shiundu alipostaafu alirudi kwao, akaniachia dasta yake ya kufutia ubao, soksi kuukuu iliyojazwa sponji ya godoro. Niliitumia mpaka soksi ikakwisha. Habari za msiba wake nilizipata kazini, katikati ya kipindi, na niliendelea kufundisha mpaka kengele ilipolia, kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Niliumia sana.

Miaka ya mwisho nilihamia chuo cha jioni katikati ya mji, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vitambaa. Wanafunzi wa pale ni watu wazima. Wamefanya kazi kutwa, wanakuja na njaa, wanafunga miavuli, wanauliza choo kiko wapi. Hakuna aliyeniuliza tena tutaongea na nani. Mmoja ana wateja kutoka Kongo, mwingine anataka kuongoza watalii, na wengi siku hizi wanataka Kanada. Shida yao ilikuwa kutembea. Mtu mwenye wajukuu anaona haya kutangaza kwamba anaenda kufungua mlango.

Bwana Swaleh, kwa mfano. Duka lake la vitenge lilikuwa chini yetu palepale, na asili yake ni Lamu. Alijifunza upesi kila alichohitaji kwa wateja wake wa Kongo: naenda kupunguza kidogo, utaenda kupenda rangi hii. Lakini alikataa katakata kusema nous allons, sisi tunaenda.

"Sisi nani, Mwalimu? Duka ni langu peke yangu."

"Na siku ukipata mshirika?"

"Mungu apishe mbali."

Kufanya mtihani wa lugha alijiandikisha kwa sababu binti yake alimwambia hawezi.

Katika darasa hilohilo alikuwapo Jentrix. Huyu ndiye mwanafunzi ninayetaka hasa kuwaelezea. Alikuwa muuguzi aliyehitimu vizuri na kukosa kazi. Alikuwa amefanya usaili katika hospitali nyingi, na kila mahali waliagana naye kwa neno moja: tutakuita. Akawa anauza dawa katika duka moja Kangemi. Mwishowe nyumba moja ya kutunzia wazee huko Kanada, upande wanakosema Kifaransa, ikamkubali, kwa sharti kwamba apasi mtihani wa lugha kabla nafasi haijapewa mwingine. Mtihani wetu ulikuwa wa mwisho kabla ya muda huo kwisha.

Siku ya kwanza kutembea alicheka. "Madame, si hii ni mchezo ya watoi?" Baada ya wiki chache hakuna aliyetembea vizuri kama yeye. Alikuwa na mgongo ulionyooka wa manesi, anasema, anafanya, anatoka, anasimama ameegemea ukuta mpaka darasa limwite. Swaleh alikuwa anarudi kabla ya kuitwa mara kwa mara, akisema wateja hawangoji. Jentrix hakurudi bila kuitwa hata siku moja.

Kisha akaanza kukosa vipindi. Nikaenda Kangemi kumuulizia, nikaelekezwa chumba kimoja nyuma ya soko. Nilimkuta akimkanda mama yake miguu iliyovimba. Mama Jentrix alikuwa mgonjwa wa figo, wa kwenda kusafishwa damu kila wiki akipata pesa, na asipopata anakaa tu. Jentrix alikuwa ndiye mtoto pekee. Alienda jikoni kwa jirani kunichemshia chai, na mama yake akatumia nafasi hiyo.

"Mwalimu, huyu anataka kuacha masomo. Ananiogopea."

"Na wewe Mama unasemaje?"

"Nimemwambia, ukibaki nitakufa ukiniangalia. Ukienda nitakufa uko na kazi. Si achague yenye mshahara?"

Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kama mtu anayechagua nyanya. Jentrix alirudi na chai, akatutazama wote wawili, akajua tumezungumza nini. Wiki iliyofuata alirudi darasani.

Siku ya mtihani wa kuzungumza alikuja mtahini kutoka chuo kingine, Bwana Mutiso, mtu makini mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Alikaa darasani kwangu, mlango ukafungwa. Kanuni zilinikataza kuwamo ndani, na zilinikataza kumsaidia mtahiniwa kwa njia yoyote. Nikakaa kwenye ngazi, pale zinapokata kona, nikiwa nimekunja buibui nisilifanye la kufagilia. Kutoka hapo niliiona korido yote. Watahiniwa wa siku ile walikuwa wachache, na wangu wawili walipangwa mwisho.

Jentrix aliingia. Baada ya muda mfupi, mfupi kuliko nilivyotarajia, mlango ukafunguka. Alitoka, akaufunga nyuma yake taratibu, akasimama ameegemea ukuta. Nilidhani amemaliza na anavuta pumzi. Kisha nikasikia Bwana Mutiso akiita jina la Swaleh. Swaleh akaingia akirekebisha kofia. Muda si muda, Swaleh naye akatoka, akafunga mlango, akasimama kando ya Jentrix.

Walikaa hivyo, wawili, migongo ukutani, wakitazama mbele. 

"Mwalimu," Swaleh akaniita kwa sauti ya chini, "sisi tumeshatoka. Mbona hawatuiti?"

Mlango ukafunguka tena na Bwana Mutiso mwenyewe akatokeza kichwa, kalamu mkononi.

"Madam, hawa ni wako?"

"Ni wangu."

"Nimemuuliza huyu binti, baada ya mtihani unaenda kufanya nini? Akaanza vizuri sana. Naenda kusimama, akasimama. Naenda kutembea, akatembea. Akafungua mlango akaenda zake. Nikafikiri amekasirika. Huyu mzee naye hivyohivyo. Kwani hapa mnafundisha watu kutoroka?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari za Shiundu, za mlango na za kuitwa, kwa ufupi kama niwezavyo, na kila nilipozidi kueleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama upuuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Katika karatasi yangu kuna 'amemaliza' na kuna 'ameacha mtihani'," akasema. "'Anangoja kuitwa' hakuna."

"Najua."

"Sijatia saini. Maswali yamebaki zaidi ya nusu. Anayetaka kuendelea abishe mlango, aingie mwenyewe, tuendelee. Mimi simwiti mtu. Na wewe usimwite, Madam, kwa sababu hapo utakuwa umemsaidia."

Akarudi ndani akafunga mlango.

"Ala! Kumbe ni hivyo tu," akasema Swaleh, akabisha na kuingia kabla hajajibiwa. Tulimsikia akiendelea kwa sauti ileile anayouzia vitenge. Nadhani kwenye swali moja alisema hata nous allons, ingawa baadaye alikana.

Jentrix hakusogea.

Nilingoja. Nilidhani anapanga maneno. Baadaye nikaona hatazami mlango, anatazama viatu vyake.

"Madame," akasema, "si uniite tu."

"Siwezi. Umemsikia."

"Neno moja tu."

"Siwezi, Jentrix."

 Huko ndani Swaleh alicheka.

"Kama hakuna mtu ameniita, naweza kuambia Mama hawakuniita. Na hiyo si uongo."

"Si uongo."

"Amesikia hivyo mara mingi. Hospitali zote zilisema zitaniita. Hata hawezi shangaa. Atasema, sawa, lete uji."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Hakuwa amesahau kwamba huu ni mtihani. Au labda alisahau mwanzoni, kwa mazoea, lakini sasa alikuwa anakumbuka vizuri sana. Mlango haukuwa na kufuli. Alikuwa amepata mahali pa kusimama ambapo hakuna wa kumlaumu, si mama yake, si mimi, na hakutaka kupaacha. Nilitaka kumwita. Nilitaka vilevile kumshika mkono tushuke tukanywe chai, mambo ya Kanada yaishie pale.  Nilishikilia ukingo wa ngazi nikanyamaza, na katika kazi yangu yote sijapata kunyamaza kugumu kama kule.

Swaleh akatoka akiwa amejaa furaha. Alipomwona Jentrix bado yuko ukutani, akanitazama, akaelewa kwamba hapa si pa kuuliza. Akashuka ngazi polepole, akinipita kwa "Mwalimu, kwaheri" ya adabu.

Ndani tukasikia kiti kikiburutwa. Mkoba wa ngozi una sauti yake unapofunguliwa ili karatasi ziingie, na sote wawili tuliisikia. Jentrix alijipangusa uso kwa mkono wa sweta. Akabisha, si kwa woga, akabisha kama anayedai. Akaingia.

Alikaa ndani muda mrefu. Sikusikia kitu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mgongo umenyooka. "Nimemaliza, Madame," akasema, na akashuka mbio kwa sababu ilikuwa siku ya mama yake kusafishwa damu na jirani aliyempeleka alikuwa anataka kurudi sokoni.

Bwana Mutiso alitoka mwisho. Alisimama karibu nami, akafunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena.

"Umewafundisha kukanusha vizuri," akasema.

"Ahsante."

"Nimemuuliza swali la kawaida kabisa. Liko kwenye karatasi, kila mtu huulizwa. Ukiondoka, nyumbani kwenu kutaenda kutokea nini? Wengine husema ndugu zangu wataenda kufurahi, tutaenda kufanya sherehe. Yeye amenijibu, ma mère va mourir, et je ne vais pas être là. Mama yangu atakufa, na mimi sitakuwa hapo." Aliivua miwani, akaishika tu. "Sikupata kosa, Madam. Nimempa alama zote za swali hilo."

Nilimwambia ahsante mara ya pili. Aliposhuka nililia pale kwenye ngazi, na mlinzi wa jengo aliyekuja kufunga milango alijifanya hajaniona.

Baada ya mtihani ule niliibadilisha sheria ya Shiundu. Wanafunzi wangu waliendelea kutoka mlangoni, lakini hakuna tena aliyeitwa. Ukishatoka, unajihesabia pumzi zako, unabisha, unarudi, na unasema unaenda kufanya nini baada ya hapo. Shiundu angebisha. Nadhani ningemshinda, ingawa hoja zake zilikuwa na sauti nene. Na nyinyi mkitumia njia hii, tafadhali waambieni watahini mapema.

Jentrix alipasi. Aliondoka kabla ya mvua za vuli kuanza, na mwaka huohuo mimi nikastaafu. Niliandaliwa keki, wakasoma hotuba yenye jina langu lililokosewa. Binti wa dada yake Mama Jentrix alihamia Kangemi kumtunza, na pesa za matibabu sasa zinafika bila kukatika. Madaktari walikuwa wamesema maneno ya kukatisha tamaa. Mama Jentrix aliyasikiliza yote, akarudi nyumbani, akaendelea kuishi.

Mimi naishi Kabiria sasa. Huwa natoka asubuhi, napita Kawangware kwa miguu, nafika kwa Mama Jentrix kabla jua halijawa kali. Tunakunywa chai, ananisimulia majirani, namsimulia wanafunzi. Yale maneno ya Bwana Mutiso sijamwambia mtu yeyote katika nyumba ile, wala Jentrix hajui kwamba niliambiwa.

Siku moja hivi karibuni Mama Jentrix aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, nifundishe na mimi kidogo hiyo Kifaransa. Jentrix akipiga simu nasikia akiongea na watu wa huko. Mimi nakaa tu kama mgeni."

"Unataka kusema nini?"

Alifikiri. Alivuta blanketi akafunika miguu.

"Si mambo mingi. Nataka tu kumwambia mimi nitakuwa hapa."

Nami niliweka kikombe changu chini. Aliniuliza kama ni ngumu sana, nikamwambia si ngumu. Je vais être là. Tulirudia asubuhi nzima. Ulimi wake wa Kiluhya uliipindua je ikawa ze, na neno la mwisho alilisema kama anayeshangilia. Nilirekebisha kidogo, mengine nikayaacha. Alipochoka alilala kidogo, akaamka, akasema, "Tena."

Nilishinda huko siku ile, na jioni simu ikalia. Uso wa Jentrix ukatokea kwenye kioo, amevaa sare ya kazi, nyuma yake dirisha jeupe. Akaanza kuuliza habari za dawa.

"Ngoja kwanza," akasema mama yake. "Nyamaza." Aliisogeza simu karibu na mdomo, akanitazama, nikamwitikia kwa kichwa. Akalisema neno lote bila kusita mpaka mwisho.

 Jentrix alifunika mdomo kwa mkono, akageuza uso pembeni, na kwa muda tuliona sikio lake tu na ukuta.

Mama Jentrix akanigeukia, ana wasiwasi.

"Mwalimu, kwani nimekosea?"

"Hapana, Mama Jentrix," nikamwambia. "Hujakosea."